MANUKATO YA SABUNI NA MAFUTA: NI KIASI GANI KINACHOTUFIKIA?

Mtu aingiaye soko la Muyinga siku ya gulio hana haja ya kuulizia mahali panapouzwa sabuni. Pua yake itampeleka. Ukishapita penye maharage na ndizi, harufu hubadilika ghafla: malimau, waridi, yasmini, karafuu, na nyinginezo zisizo na jina katika lugha yoyote tuijuayo. Bidhaa hizo nyingine hushuka kutoka Bujumbura, ambako sabuni hutengenezwa kwa mafuta ya mawese, na michikichi yenyewe hustawi sana Rumonge kando ya Ziwa Tanganyika. Nyingine huingia kwa barabara ya Kobero, mpakani na Tanzania, zikiwa zimesafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam. Muyinga, ambayo kwa mgawanyo wa mikoa ulioanza kutumika 2025 imo katika mkoa wa Buhumuza, ni mji wa njiani. Na kila kipitacho njiani huacha chembe yake.

Hatuandiki makala haya ili kumkataza askari kunukia vizuri. Askari msafi ni heshima ya kikosi chake. Ila yupo koplo mmoja, ambaye hatutamtaja jina wala kikosi, aliyetufanya tuanze kuuliza maswali ambayo hatukuwahi kuyauliza tangu tuvae sare.

Koplo huyo aliwashwa kwapani, kisha vidole vikaanza kupasuka. Wenzake bwenini walisema ni upele, wakahamisha mikeka yao. Ni jambo gumu kwa mtu aliyezoea kulala bega kwa bega na wenzake kuona nafasi inaachwa pande zote mbili za kitanda chake. Alikwenda kutibiwa mahali fulani, akapewa dawa ya upele, akaipaka majuma mawili kwa utiifu wa kiaskari, na hali ikazidi. Hatimaye mganga mwingine, mtu mzima asiyependa maneno mengi, alimwuliza: “Unajipaka nini?” Koplo akajibu: “Sabuni tu, afande.” Mganga akamwagiza alete kila kitu kilichomo katika sanduku lake.

Kesho yake vikapangwa mezani: mche wa sabuni ya kuogea na kufulia, pakiti ya sabuni ya unga, kopo la mafuta ya kujipaka, poda, dawa ya kwapa, na chupa ndogo ya marashi ya siku za ruhusa. Vitu sita. Kila kimoja kilikuwa na harufu yake, na kila kimoja, kikitazamwa peke yake, kilikuwa kitu cha kawaida kabisa ambacho kila mmoja wetu anacho. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Mtu huulizwa kuhusu kitu kimoja kimoja, hali ngozi yake hupokea vyote kwa pamoja.

Yafaa kwanza tueleze manukato ni nini. Neno moja lililoandikwa juu ya kopo, mara nyingi kwa Kifaransa, “parfum”, huficha mchanganyiko wa viungo vingi, wakati mwingine makumi. Baadhi hutoka katika mimea: linaloli ya mrujuani, limonini ya maganda ya malimau na machungwa, jeranioli ya waridi, yujinoli ya karafuu. Baadhi hutengenezwa viwandani. Wala tusidhani kwamba kitokacho shambani hakina madhara na kitokacho kiwandani ndicho chenye sumu. Mafuta ya karafuu ambayo Unguja na Pemba zimesifika kwayo yana yujinoli kwa sehemu yake kubwa; ni hiyo yujinoli inayoufanya ufizi ufe ganzi kwa mganga wa meno, na ni hiyo hiyo iliyomo katika orodha ya vitu vinavyoweza kuleta mzio wa ngozi. Visiwa vya Komoro navyo huuza ng’ambo mafuta ya mlangilangi, ambayo huingia katika marashi ya bei kubwa. Afrika Mashariki basi si mnunuzi tu wa manukato. Ni shamba lake pia.

Ngozi ikishakataa kiungo fulani, hukikumbuka. Huo ndio mzio. Mtu anaweza kukitumia kitu miaka kumi bila tatizo, kisha siku moja mwili ukaamua kukihesabu kuwa adui, na tangu siku hiyo kiasi kidogo tu kikatosha kuamsha ukurutu. Ndiyo maana jibu la “nimeitumia siku zote” halimsaidii mganga.

Sasa je, mtu atajuaje ni kiasi gani kinachomfikia? Wataalamu hawakuanza jana. Nchini Marekani iliundwa taasisi ya uchunguzi wa viungo vya manukato 1966, na shirika la kimataifa la wenye viwanda vya manukato likafuata 1973, likiwa na kazi ya kuweka mipaka ya matumizi. Njia yao ya kukisia, ukiivua maneno makubwa, ni hesabu ambayo karani yeyote wa bohari angeielewa. Huchukuliwa uzito wa bidhaa itumiwayo kwa siku. Huzidishwa kwa sehemu ya kiungo kilichomo. Huzidishwa tena kwa sehemu inayobaki juu ya ngozi baada ya kutumia. Kisha hugawanywa kwa uzito wa mtu. Basi.

Tuijaribu hesabu hiyo kwa koplo wetu, tukisema wazi kwamba kiasi cha manukato tunachokitumia hapa ni cha mfano tu, kwa kuwa makopo yake hayakuandikwa kiasi. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya, katika miongozo yake, huchukua kwamba mtu mzima hutumia gramu 19 hivi za sabuni ya maji ya kuogea kwa siku, na kwamba mia kwa moja tu, yaani sehemu 1 katika 100, hubaki mwilini baada ya kujisuuza. Tukisema sabuni ina manukato asilimia 1, hizo ni miligramu 190, na zinazobaki ni karibu 2. Ni kidogo mno. Lakini mafuta ya kujipaka hayasuuzwi. Kwa mafuta ya mwili miongozo hiyo huhesabu karibu gramu 8 kwa siku. Yakiwa na manukato nusu asilimia tu, mtu hubaki na miligramu 40 mwilini, yaani mara 20 ya zile za sabuni, ingawa sabuni ilinukia zaidi. Dawa ya kwapa, gramu 1 na nusu, yenye manukato asilimia 1, huongeza miligramu 15.

Kuna na kufua. Tuseme gramu 50 za sabuni zimeyeyushwa katika lita 10 za maji. Wakadiriaji huchukua kwamba mikono pamoja na vigasha ina eneo la karibu sentimita za mraba 2,000, na kwamba utando wa maji unaoigusa ngozi una unene wa sehemu moja ya mia ya sentimita. Hiyo ni mililita 20 za maji ya sabuni, zenye gramu moja ya kumi ya sabuni ndani yake, na miligramu 1 ya manukato. Tukijumlisha vyote tunapata takriban miligramu 58. Mtu wa kilo 60 amefikiwa na karibu miligramu 1 kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku hiyo, na hatujagusa poda wala marashi.

Msomaji makini atakuwa ameona kasoro, na sisi tumeiona. Hesabu ya kufua imetungwa na watu ambao nguo zao hufuliwa na mashine, na ambao wakifua kwa mikono hufua soksi mbili tatu. Si hivyo kwetu. Mke wa askari polisi hapa Muyinga huinamia beseni saa nyingi, na mche wa sabuni huukandamiza juu ya nguo kwa kiganja kitupu. Hapo kinachomgusa si maji ya sabuni bali sabuni yenyewe. Mche huohuo huoga, hufua, huosha vyombo, na wakati mwingine huosha nywele. Katika miongozo ya Ulaya hizo ni bidhaa nne tofauti zenye watumiaji tofauti. Katika nyumba nyingi zetu ni kipande kimoja na mikono miwili.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2015 ulitangazwa mtindo wa kompyuta, uliotengenezwa na kampuni moja ya Dublin, nchini Ireland, pamoja na ile taasisi ya Marekani, ambao hukisia kwa mara moja manukato yanayomfikia mtu kutoka bidhaa nyingi. Badala ya kujumlisha viwango vya juu kabisa vya kila kitu kana kwamba kuna mtu mmoja atumiaye vyote kwa wingi, mtindo huo hufuata mazoea halisi ya watu zaidi ya 36,000: nani hutumia nini, asubuhi au jioni, mara ngapi. Ni kazi ya kupongezwa. Lakini watu hao 36,000 ni wa Ulaya na Marekani. Hakuna miongoni mwao mama wa Muyinga mwenye mche wa sabuni, wala mlinzi wa zamu ya usiku ajipakaye mafuta mara mbili kwa sababu ya baridi ya milimani. Makadirio yakisema “mtumiaji wa kawaida”, inapasa tuulize ni mtumiaji wa wapi.

Hesabu ikishaanza, humfikia hata asiyetarajiwa. Tumtazame mtoto mchanga wa kilo 7, ambaye mama yake, kwa mapenzi, humpaka gramu 4 za mafuta yenye harufu baada ya kumwogesha. Kwa nusu asilimia ileile, miligramu 20 humbakia mwilini. Zigawe kwa 7: karibu miligramu 3 kwa kila kilo. Mtoto huyo, kwa kopo moja tu, amepata mara tatu ya baba yake aliyetumia bidhaa nne. Hakuna aliyekosea. Mwili mdogo una ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na hesabu haina huruma juu ya hilo.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni ya kutia watu hofu bure. Tuwakumbushe kisa cha kiungo kiitwacho Lilial, chenye harufu ya maua meupe, ambacho kwa miaka mingi kilitiwa katika sabuni, shampuu na sabuni za kufulia duniani kote. Mwaka 2019 kamati ile ya Ulaya ilikipima. Bidhaa moja moja hazikuwa na tatizo kubwa katika viwango vilivyopendekezwa. Ila matumizi ya zote kwa pamoja yalipohesabiwa, kamati haikuweza kusema ni salama. Kiungo hicho kilikuwa kimeonekana kuharibu uwezo wa kuzaa katika majaribio ya wanyama. Tangu tarehe 1 Machi 2022 kimepigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya. Ni kule kujumlisha kulikokihukumu. Kiungo kingine, Lyral, kilikuwa kimekwisha kuondolewa madukani mwao Agosti 2021, hicho kwa kosa la kuleta mzio.

Na Afrika Mashariki yenyewe ina kisa chake, ingawa si cha manukato. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wa figo waliovimba miili, wengi wao wakiwa wametumia krimu za kung’arisha ngozi zenye zebaki. Krimu zilipendeza kwa macho na kwa pua. Kilichogundua ubaya wake ni madaktari kuuliza swali lilelile la yule mganga wa koplo: unajipaka nini, na kwa muda gani?

Turudi kwapani, maana hapo tuliacha fumbo. Ikiwa mafuta ya kujipaka ndiyo yaliyoacha miligramu 40, na dawa ya kwapa 15 tu, kwa nini koplo aliwashwa kwapani na si mgongoni? Jibu ni kwamba kwa mzio wa ngozi, uzito wa mtu hauna maana sana. Kinachopimwa ni kiasi kwa kila sentimita ya mraba. Zile miligramu 40 hutandazwa juu ya sentimita za mraba zaidi ya 15,000, kila moja ikapata maikrogramu 2 na nusu hivi. Zile 15 hukaa juu ya sentimita 200 tu, na kila moja hupata 75. Ni karibu mara 30. Ni sawa na kikosi kidogo kilichokusanywa mahali pamoja dhidi ya kikubwa kilichotawanywa uwanda mzima. Ofisa yeyote anajua kipi kitavunja mstari. Isitoshe, kwapa lina jasho, lina msuguano, na mara nyingi limenyolewa.

Kuhusu jasho, wenzetu waliotumikia Somalia katika majeshi ya Umoja wa Afrika, kuanzia Desemba 2007 mpaka ujumbe wa ATMIS ulipomalizika mwishoni mwa 2024, wanajua maana ya kuvaa fulana ya kuzuia risasi kutwa nzima katika joto la pwani. Sare ikifuliwa kwa sabuni ya unga na maji machache, isisuuzwe ikatakata, sabuni hukaa katika uzi wa nguo, na jasho huiyeyusha tena juu ya ngozi, chini ya mikanda hasa. Maji ya kusuuza ni sehemu ya hesabu hii kama sabuni yenyewe.

Hapa tunaomba ruhusa ya kuchepuka kidogo. Tulipokuwa wanafunzi wa uofisa, mkufunzi wetu aliwakataza watu kujipaka chochote chenye harufu kabla ya doria ya usiku. Tulidhani ni ukali wa bure. Usiku mmoja wa mazoezi tulivizia njiani, tukaliona kundi la wenzetu likitujia kabla ya kuliona: sabuni ya unga iliwatangulia kwa upepo. Wao wenyewe hawakujinusia, kwa kuwa pua huchoka haraka na harufu iliyo karibu nayo. Tangu siku hiyo tunajua kwamba pua ya mtu si mizani ya kupimia manukato aliyojipaka mwenyewe. Mtu huongeza kila siku, akidhani yamepungua nguvu.

Yapo mambo mawili ya sokoni ambayo hesabu za wataalamu huyapita. La kwanza ni jua. Linaloli na limonini, zikiwa mpya, ni dhaifu katika kuleta mzio. Zikikutana na hewa kwa muda mrefu hugeuka kuwa viungo vingine vilivyo vikali zaidi kwa ngozi, na joto huharakisha mageuzi hayo. Kopo lililofunguliwa, likakaa juu ya meza kutwa kwa miezi, si kopo lile lililotoka kiwandani. La pili ni kupimiwa. Mafuta yakimiminwa kutoka dumu kubwa kwenda chupa ndogo isiyo na karatasi, mnunuzi amepata bei nafuu, lakini amepoteza majina ya vilivyomo. Hatumlaumu muuzaji wala mnunuzi; mshahara una urefu wake.

Tangu 2003 Umoja wa Ulaya uliamuru majina ya viungo 26 vya manukato yaandikwe juu ya vipodozi vikizidi sehemu 1 katika 100,000 kwa vitu vya kujipaka, au 1 katika 10,000 kwa vya kusuuza. Na 2023 orodha hiyo ilipanuliwa ikapita 80. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo 2007, ina viwango vyake vya vipodozi, mfululizo wa EAS 377, vyenye orodha ya vitu vilivyokatazwa. Na hapa nchini iko ofisi ya viwango, BBN. Askari polisi na wenzao wa forodha wa Kobero wakijua kinachotafutwa juu ya karatasi ya kopo, kazi yao itakuwa zaidi ya kuhesabu makatoni.

Mwenye kutaka kujikadiria nyumbani hahitaji maabara. Apime mche wa sabuni mpya kwa mizani ya muuza duka siku ya Jumatatu, aupime tena Jumatatu ifuatayo, agawanye kilichopungua kwa siku 7 na kwa watu wa nyumba. Afanye hivyo hivyo kwa kopo la mafuta. Ataona mara moja ni kipi kinachosuuzwa na kipi kinachobaki, na kwamba kile kinachobaki ndicho cha kupunguza kwanza, hasa kwa mtoto.

Koplo wetu hakukatazwa maji wala sabuni. Mganga alimwamuru aache vyote sita kwa majuma mawili, aoge kwa sabuni isiyo na harufu, kisha avirudishe kimoja kimoja, kila kimoja na juma lake. Mafuta yalirudi bila neno. Poda ikarudi. Juma la dawa ya kwapa halikumalizika. Siku ya tatu wekundu ulikuwa umekwisha kutokea. Ama vidole, mganga alimweleza kwamba manukato hayakuwa mwanzo wa lawama: ni ukali wa sabuni ya kufulia uliopasua ngozi, na ngozi iliyopasuka ikafungua mlango kwa mengine. Sasa husuuza mikono kwa maji safi kila amalizapo kufua. Ile chupa ndogo ya marashi hakuitupa. Huipaka pindoni mwa shati, si mwilini, siku za ruhusa tu. Na mikeka ya wenzake imerudi mahali pake.